Maji Yaliyotibiwa

Mimi ni mtu wa mabwawa. Nasema mabwawa kwa sababu nilipokwenda kuposa, miaka sita iliyopita, nilimwambia mama wa mke wangu kwamba nafanya kazi ya maji, na tangu siku hiyo neno ninaloruhusiwa kulitumia mbele ya ukoo ule ni maji. Si uongo. Yanayokuja kwangu ni maji. Kuna vingine pia ndani yake, lakini ni nani aliyekwenda kuomba mke akaanza kutaja vingine?

Kazi yenyewe ni hii. Kijiji chetu kina nyumba mia mbili na ushee, shule ya bweni, zahanati, soko na machinjio madogo. Vyoo vya huko kote, pamoja na mabafu na masinki, vimeunganishwa kwa bomba moja linaloteremka hadi bondeni, na bomba hilo linaishia kwangu. Pale mdomoni mwa bomba kuna chujio la nondo. Kila asubuhi nasimama hapo na reki nikiopoa vitu ambavyo majirani zangu wanaamini kwamba ukishavuta maji vimetoweka duniani: soksi, vijiko, nepi, kichwa cha mwanasesere, daftari la hesabu lenye alama mbaya. Mwaka juzi niliopoa meno ya bandia, safu ya juu nzima. Nikayaosha, nikayaweka dirishani mwezi mzima, hakuna aliyekuja kuyadai. Mwenyewe namjua, maana tangu wiki ile anazungumza kiganja kikiwa mdomoni, lakini sikumwambia kitu. Mtu ana haki ya kusitiriwa.

Baada ya chujio kuna mabwawa matatu. La kwanza lina kina kirefu na halina adabu. Humo kila kizito kinazama na kugeuka tope. La pili ni la kijani. Humo kazi inafanywa na jua pamoja na vijidudu, mimi nakata tu nyasi za kingoni ili jua lisipate kisingizio. La tatu maji yanakaa, yanatulia. Kisha yanatoka kwa bomba dogo upande wa chini, yakiwa na rangi ya chai ya mtu bahili, yanapita kwenye matete na kuingia mtoni. Hayanuki. Nayasifu mwenyewe kwa kuwa sijamsikia mwingine akiyasifu.

Balaa lilianza na mkaguzi. Mkaguzi wetu huja mara moja kwa mwaka, anatembea kingoni leso ikiwa puani, anaandika, anaondoka. Safari hii aliandika kwamba hakuna vibao.

"Mgeni akifika hapa," alisema, "atajuaje bwawa lipi ni lipi?"

"Hajawahi kufika mgeni hapa, mzee."

"Unaona sasa? Ni kwa sababu hakuna vibao."

Nikaenda kwa mchora vibao. Ni fundi hodari, vibao vya kijiji kizima ni vya mkono wake, na ana kasoro moja tu, kwamba hawezi kuona nafasi tupu akaiacha. Kibao cha kinyozi alikiongezea mkasi, hilo sawa. Cha duka la viatu alikiongezea ndege ya abiria. Nilimpa maneno kwenye karatasi: BWAWA LA KWANZA, BWAWA LA PILI, BWAWA LA TATU, na cha nne, cha kukaa kwenye bomba la kutokea, MAJI YALIYOTIBIWA. Ndivyo tunavyosema sisi wa kazi hii. Majitaka yanatibiwa; yakishapita mabwawa yote yanaitwa yaliyotibiwa. Neno hilo nimeliandika kwenye ripoti miaka kumi na mmoja, halijawahi kumdhuru mtu.

Nilipokwenda kuvichukua, kile cha nne kilikuwa na msalaba mwekundu pembeni.

"Huu wa nini?" nikamuuliza.

"Nyongeza. Zawadi yangu kwako."

"Sikuomba msalaba."

"Kaka, neno kutibiwa bila msalaba linapwaya. Kibao cha zahanati alikichora nani? Huu ni msalaba uleule, angalia hata rangi."

Nikaangalia rangi. Ilikuwa ileile. Kibao chenyewe kilipendeza, sikatai, kuliko kitu chochote kilichowahi kusimama kule bondeni. Nikakipigilia.

Wiki ya pili wakaja wanawake wawili na madumu. Wakanisalimu kwa heshima ambayo sikuizoea pale kazini, maana kwa kawaida watu hunisalimu kwa mbali, upepo ukiwa upande wao.

"Haya ndiyo yaliyotibiwa?" mmoja akauliza.

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Na mtu anaruhusiwa kuchota?"

Kiangazi kilikuwa kimekaza, nikafikiria bustani zao. Nikawaambia wachote tu, ila wasipite njia ya bwawa la kwanza kuna utelezi. Wakashukuru sana. Walishukuru kuliko mtu anayekwenda kumwagilia kabichi, na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Lakini mtu aliyekaa miaka kumi na mmoja bila kuambiwa ahsante, siku akiambiwa hashtuki. Anavimba kichwa.

Wakaja wengine. Mwisho wa mwezi kulikuwa na foleni kila asubuhi. Mwanamume mmoja aliniuliza kama mtoto anapunguziwa. Nikamwambia ndiyo, mtoto apewe dumu dogo. Wakaanza kuniita Daktari. Nikadhani ni utani, kwa ajili ya buti zangu nyeupe za mpira, nikaupokea kama utani. "Daktari, umeamkaje?" "Salama, aliyezidiwa apite mbele." Wanacheka, nami nacheka. Kila mtu alikuwa na kicheko chake, na vicheko hivyo havikujuana.

Sasa nieleze habari za mama mkwe wangu. Ni mjane wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mnyoofu, amelea watoto saba na wa mwisho ni mke wangu. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Magoti yamemchosha, hawezi kuteremka bondeni wala kupanda. Mimi na yeye tunaheshimiana mpaka inachosha. Kwa miaka sita nimezungumza naye nikitazama kizingiti, na yeye amezungumza nami akitazama dirisha, na kwa njia hiyo hatujawahi kukoseana. Mbele yake sijawahi kupiga chafya bila kuomba radhi. Naoga mara mbili kabla ya kuingia kwake, na buti naziacha nje, mbali.

Akaanza kuumwa tumbo. Kwanza akasema ni uzee, kisha akasema ni upepo. Mbele yangu ikasemwa kwamba tumbo "limekorofisha," na sikuuliza limekorofisha vipi. Mke wangu akawa anakwenda kwake asubuhi na jioni. Siku ya nne mama hakuweza kusimama. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mimi mbele, mke wangu nyuma, tukambeba hadi zahanati, yeye akiwa juu anatuonyesha mashimo. Alikuwa mwepesi mno. Mtu mzima hapaswi kuwa mwepesi vile, nami niliingiwa na hofu kabla sijajua cha kuogopa.

Chumba cha wanawake kina vitanda vinne na dirisha moja. Alipewa kitanda cha dirishani. Nesi, msichana mwenye haraka na kalamu mbili nywelani, akafungua daftari.

"Mama, nyumbani unakunywa maji gani?"

"Yaliyotibiwa," akajibu mama mkwe.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu. Mengine siyagusi."

Nesi akashusha daftari. Akageukia vile vitanda vingine vitatu. "Mmesikia? Mimi kila siku nakauka koo hapa, msinywe maji yasiyotibiwa, msinywe maji yasiyotibiwa. Bibi wa umri huu ameelewa, nyie vijana hamtaki. Hongera, mama. Endelea hivyohivyo. Tena sasa ongeza, angalau lita tatu kwa siku, maana mwili umekauka."

"Ninayo hapa," akasema mama mkwe, akaonyesha chini ya kitanda.

Nikainama kutazama. Lilikuwa dumu la njano la lita tano, lenye mfuniko wa bluu usiokuwa wake. Nalijua. Siku tatu kabla nilikuwa nimelijaza kwa mikono yangu, nikamtwika jirani mmoja aliyesema anamchotea mzee asiyeweza kuteremka. Nilimsifu kwa moyo wake mwema. Sikumuuliza ni mzee gani.

Nikamvuta mke wangu nje, mpaka kwenye ngazi.

"Yale maji ya mama yanatoka kwangu?"

"Sasa yatoke wapi? Si yale ya dawa?"

"Ya dawa gani?"

"Yaliyotibiwa. Wengine wanapaka magotini, wengine wanakunywa kijiko asubuhi. Mama anakunywa vikombe vitatu. Anasema ni ya mkwe wake, hataki aonekane anayadharau."

"Mke wangu. Wewe unajua mimi nafanya kazi gani. Nguo zangu unazifua wewe."

"Najua yanayoingia. Nilidhani yale ya kibao ni mengine, mmeletewa na serikali. Kina msalaba." Kisha nikaona jambo likimwingia, polepole, kuanzia machoni. Akakaa kwenye ngazi. "Na kikombe namjazia mimi," akasema.

Nikataka kumwambia kwamba tumwambie mama pamoja. Akainua mkono kabla sijamaliza. "Uliyeandika ni wewe, utakayemwambia ni wewe. Mimi siendi kumwambia mama yangu mzazi nilichokuwa namnywesha."

Mtu jasiri angeingia ndani saa ileile. Mimi nilishika njia ya bondeni. Nilikwenda kung'oa kibao, na hilo lilikuwa la haki, lakini nisijisifu, nilikuwa nakimbia pia. Foleni ilikuwa ya watu tisa. Nikawaambia hayo ni maji ya vyooni, yenu wenyewe, rudini nyumbani. Wakacheka. "Daktari leo kaamka na utani," akasema mmoja. Nilipong'oa kibao wakaacha kucheka. Mmoja akasema kwa sauti kwamba ndivyo walivyo watu, kitu kikishaonekana kinaponya wanakifungia wapate kukiuza. Nikafunga geti kwa mnyororo, wakaniangalia kama mwizi, nami nikapanda kilima kurudi nyumbani.

Nyumbani nikachemsha maji ya bomba sufuria mbili, nikayapoza, nikayatia kwenye dumu la njano jingine, nikalivisha mfuniko wa bluu. Jioni nikarudi zahanati nikabadilisha madumu chini ya kitanda, mama akiwa amelala. Nilijiona nimepata. Ya nini kumwaibisha mama wa watu wakati unaweza kumwokoa kimyakimya?

Akaamka, akamiminiwa kikombe. Akaonja. Akakaa na funda mdomoni, akalimeza kwa huruma.

"Haya siyo," akasema, akitazama dirisha.

"Ndiyo yenyewe, mama," nikasema, nikitazama mlango.

"Hayana ladha. Haya ni ya bomba. Mimi ninaumwa tumbo, siumwi ulimi."

Akakiweka kikombe chini, na tangu hapo hakunywa tena. Si hayo, si maji ya chumvi na sukari ya nesi, si uji. Alisema atangoja ya mkwe wake yaletwe. Asubuhi iliyofuata, Jumapili, midomo yake ilikuwa imepasuka, na nesi alipomfinya ngozi ya mkono, ngozi ilibaki imesimama.

Nikamfuata nesi kwenye dirisha la dawa nikamweleza yote. Alikuwa anaandika. Akaacha kuandika. Akatazama buti zangu.

"Yanapita mabwawa mangapi?" akauliza.

"Matatu."

"Na mimi nikamwambia lita tatu."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Na ukampa hongera."

Akafunga kalamu. Alikuwa na miaka ishirini na tano hivi, na siku ile akaongeza mitano. "Sikiliza, kaka. Dawa nimeshajua nimbadilishie ipi. Dripu nimemtundikia ya mwisho niliyo nayo, na gari la kuleta nyingine ni Jumanne. Kati ya leo na Jumanne lazima anywe kwa mdomo, maji safi, mengi. Mtu wa umri ule akikauka, figo zinafunga kazi na hazikupi taarifa. Atakufa kwa kiu na maji yapo mezani. Mimi nikimwambia hatanisikia, nilishayasifu yale. Anayeaminiwa ni wewe. Nenda kamwambie yanakotoka. Na usizunguke."

Nikaingia. Mke wangu alikuwa amesimama upande wa miguuni. Alinipisha, akaenda kujishughulisha na kukunja khanga iliyokwisha kukunjwa. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na kichwa cha mama mkwe kuliko nilivyowahi kukaa.

"Mama," nikasema, "yale maji ni machafu."

"Yalikuwa," akasema. Sauti ilikuwa kavu kama karatasi. "Ndiyo maana yakatibiwa."

"Hapana, mama. Nikueleze yanakotoka. Ndani ya yale maji kuna haja za watu."

"Kila mtu ana haja zake, mwanangu."

"Haja kubwa, mama."

"Kubwa kwa ndogo, Mungu anazijua zote."

Nikafuta jasho. Mke wangu aliikunjua khanga akaanza upya. Nikajaribu njia nyingine.

"Mama, nakusudia choo."

"Kiko nyuma ya jengo. Mlango wa pili, huo wa kwanza umeharibika."

"Siulizi choo. Nasema yale maji ndiyo choo. Yanatoka chooni. Ni..." Nikatafuta neno. Kwenye ripoti tunaandika kinyesi, neno safi, limevaa tai. Nikalisema, lakini lilitoka kama pumzi tu.

"Sikusikii," akasema. "Masikio nayo yamekauka. Sema kama mwanamume."

Nikamtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita. Alikuwa na macho ya mke wangu, yamezama ndani kwa ugonjwa, na nikaona kabisa kwamba yule mtu anaweza kufa kesho kutwa kwa sababu mimi nina haya. Nikakasirika. Nilijikasirikia mwenyewe, na mkaguzi, na msalaba, na adabu zote nilizofundishwa. Nikafungua mdomo, na maneno yote ya ripoti yakanikimbia, likabaki moja.

"Mavi!" nikasema. "Mama, ni mavi!"

Nilikuwa nimepiga kelele. Kwenye kitanda cha pili mgonjwa mmoja, ambaye mama mkwe alikuwa amemgawia kikombe kwa ujirani mwema, alikishusha mezani taratibu na kukisukuma mbali kwa kidole. Nje ya dirisha mtu alisema, "Ati nini?"

Mama mkwe akanitazama bila kupepesa.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mama?"

"Kwamba ni mavi. Miaka sita unaingia nyumbani kwangu. Unaacha buti nje lakini soksi unaingia nazo. Nimelea watoto saba, mavi nisiyajue?"

"Sasa mbona... zile haja, na mlango wa pili..."

"Nilitaka kuona utafika lini. Hujawahi kunieleza kazi yako hata siku moja. Nikasema leo mtoto anaieleza, nimwache amalize."

Sikujua nicheke au nilie, na nadhani nilifanya vyote viwili, kwa kiasi kidogo. Mke wangu alikuwa ameacha khanga.

"Mama," nikasema, "ulijua, na ukanywa?"

"Nilijua kilichoingia. Mimi sikunywa kilichoingia, nilikunywa kilichotoka. Si uliandika yametibiwa? Si wewe? Nilikupa binti yangu kwa neno lako tupu, hukuniletea hata kibao. Nikuamini kwa mtoto, nisikuamini kwa maji?"

Iliniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa machozi, hata kwa talaka, sikujiandaa kwa hilo. Hakuna mtu aliyewahi kuiamini kazi yangu kiasi kile, hata mkaguzi huiangalia leso ikiwa puani. Mimi mwenyewe niliyeyapitisha yale maji mabwawa matatu nisingeweka tone ulimini. Na bibi huyu, kwa heshima yangu, vikombe vitatu kwa siku.

"Nayatibu kweli, mama," nikasema. "Lakini si ya kunywa. Nayatibu kiasi cha kwenda mtoni."

"Mtoni."

"Ndiyo, mama."

"Mto huuhuu, unaokwenda mpaka kwa dada yangu."

"Ndiyo."

"Na dada yangu anachota wapi?"

Nikatazama kizingiti. Hakikunisaidia.

Akanyoosha mkono kwenye meza ndogo, akachukua kikombe cha nesi, kile cha maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari. Mke wangu akakimbilia kumshikia, akasukumwa. Akanywa chote kwa mafunda manne, akakunja uso, akampa mke wangu kikombe kitupu.

"Jaza," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Kumbe hujamaliza kuyatibu. Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

"Mama, leo ni Jumapili."

"Na mavi yanajua Jumapili?"

Nikaaga, nikatoka. Ukingo wa bwawa la tatu ukiinuliwa kufika gotini tu, maji yatakaa humo mara mbili ya siku yanazokaa sasa, jua litayapiga zaidi, na yatatoka afadhali. Hilo nalijua tangu mwaka wangu wa kwanza. Sikuwahi kuulizwa, na mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nikapita nyumbani kuchukua sepetu.